Katika Njia ya Kolwezi: Habari ya Betri Iliyozeeka

Ninyi mkaao Katanga mwajua kwamba nchi yetu ina baridi yake. Wageni hudhani kwamba Afrika yote ni jua na jasho. Lakini mtu akilala Lubumbashi bila blanketi katika mwezi wa sita au wa saba, atatambua upesi kwamba mji huu umejengwa juu, kiasi cha meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwamba usiku usio na mawingu hauzuii joto la udongo lisipande na kupotea. Alfajiri watoto wa shule hutembea mikono kwapani, na mama wauzao mikate huketi karibu sana na makaa yao. Wakati huo, kabla Misa ya kwanza haijakwisha, motokari za mtaa mzima huanza kuamshwa. Nyingine huitika mara moja. Nyingine hulia polepole, nguu… nguu… nguu…, kama mzee apandaye ngazi, kisha hunyamaza. Mwenye gari hushuka, huita vijana, nao huja kusukuma huku wakicheka.

Watu husema: «Baridi imeua betri.» Neno hilo ni kweli nusu tu, nami nitalieleza mahali pake.

Mwezi wa saba wa mwaka 2024 tulisafiri kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, mwendo wa kilometa zipatazo 300, kupeleka vitabu vya katekisimu na kuhudhuria semina ya walimu wa dini. Tulikuwa watu watano: Padri, makatekista wawili, mzee dereva wetu, na mimi mwalimu. Motokari ni ile ya parokia, yenye sanduku la nyuma la kubebea mizigo. Ilifika kwetu mpya kabisa mwaka 2019, kwa sadaka za wakristu wa hapa na za rafiki zetu wa mbali. Tangu siku ile vitu vyake vingi vimekwisha kubadilishwa: magurudumu mara mbili, breki, mikanda, na taa moja ya mbele iliyovunjwa na jiwe. Betri ilikuwa ingali ile ile ya kiwandani.

Juu ya betri hiyo palikuwa na mashauri mawili parokiani. Mweka hazina wa baraza ni mtu mwangalifu, asiyetoa faranga moja bila kuigeuza mara mbili mkononi. Yeye alisema: «Betri ya kiwandani ni bora kuliko hizi zinazouzwa sokoni. Nayo ingali inaamsha gari. Kwa nini tutupe kitu kizima? Siku itakapokufa, tutanunua nyingine.» Mzee dereva alimjibu kwa heshima: «Ni kweli, Papa. Lakini betri haichagui kufa mchana mbele ya duka. Hufa pale ilipolala.»

Msiwacheke hata mmoja wao. Mweka hazina anajua soko. Mara nyingi betri iliyokuja na motokari kutoka kiwandani huishi kuliko ile iliyonunuliwa baadaye, kwa sababu ilikuwa imetengenezwa vizuri na ilitiwa garini ingali changa. Na betri za bandia, zenye jina zuri nje na risasi chache ndani, haziko mbali nasi. Wapo watu ambao betri yao ya kwanza iliwatumikia miaka sita au saba. Mzee dereva naye anaijua njia. Basi tukaondoka na betri ile ile, kila mtu na shauri lake.

Mtu atokaye Lubumbashi kwa upande wa Likasi huacha nyuma bomba refu la moshi la kiwanda cha zamani na kilima cheusi cha masazo ya shaba, kisha huingia katika pori la miombo. Wakati wa kiangazi pori hilo lina rangi ya shaba yenyewe. Majani yamekauka, moto umepita chini ya miti na kuacha majivu, na vichuguu vya mchwa husimama kila upande, vingine virefu kuliko nyumba. Kando ya barabara yamepangwa magunia ya makala, na wanaume husukuma baiskeli zilizopakiwa mpaka mtu mwenyewe haonekani nyuma ya mzigo wake. Lakini mwenye barabara hiyo leo ni kamyo. Huja moja nyuma ya nyingine, zikileta salfa, chokaa na mashine, zikirudi na shaba na kobalti. Nyingi huvuta mapipa marefu ya chuma yenye alama ya hatari. Makatekista waliniuliza ndani yake mna nini. Nikawajibu: ni asidi ya salfa, maji makali yanayotumiwa migodini kuitoa shaba katika mawe, na kidogo cha maji hayo hayo mmekikalia hapa, mbele yenu, chini ya kifuniko cha injini. Walinitazama kama mtu aliyewafanyia mzaha.

Jioni tulifika Likasi, mji wa vilima ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966, wenye viwanda vya Shituru vinavyoonekana kwa mbali. Tulipokewa vizuri, tukala ubugali na samaki, tukalala. Gari lililala nje, penye baridi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mzee dereva alizungusha ufunguo. Taa ndogo za mbele ya usukani ziliwaka, zikafifia, na chini ya kifuniko ikasikika tak-tak-tak, kama mtu agongaye mlango asiyefunguliwa. Akangoja, akajaribu tena: tak, mara moja tu. Kwa bahati njema Likasi haikosi mteremko. Tulisukuma, Padri pamoja nasi, kanzu yake imefungwa kiunoni, na injini ikaitika chini ya kilima. Padri alitaka twende hivyo hivyo hata Kolwezi, pasipo kuizima. Mzee dereva akasema: «Baba, tukizima mbele ya Fungurume, pale penye msururu wa kamyo, na mizigo hii yote, nani atatusukuma?» Basi tukamtafuta fundi.

Tulimpata kijana mmoja aliyesoma katika shule ya ufundi ya misioni, mwenye karakana ndogo na safi, jambo ninalolitaja kwa sababu si la kila siku. Kabla sijasimulia aliyoyafanya, yafaa nieleze kwanza betri ni kitu gani, maana wengi wetu huibeba miaka na miaka tusijue ndani yake mna nini.

Mwaka 1859 Mfaransa mmoja, Gaston Planté, alitia mabamba mawili ya risasi katika asidi ya salfa, akapitisha umeme, akaona kwamba mabamba yale yaliweza kuurudisha umeme huo baadaye. Risasi nisemayo hapa si ile ya bunduki. Ni madini yenyewe, mazito na laini. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliyapaka mabamba hayo uji wa risasi ili yaweke umeme mwingi zaidi. Na betri ya motokari yetu, pamoja na maarifa yote ya leo, ingali ya ukoo ule ule. Ina vyumba sita, kila kimoja chatoa volti 2 na kidogo zaidi, vyote pamoja 12 na kidogo. Unapoamsha gari, asidi huingia katika mabamba na kuyageuza kuwa chumvi ya risasi, na maji hubaki mahali pa asidi. Gari linapokwenda, mashine ya umeme iliyo ubavuni mwa injini, ile mafundi waiitayo alternateri, huifukuza chumvi hiyo itoke, na asidi hurudi kuwa kali. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, maelfu ya mara. Hayo ndiyo maisha ya betri.

Sasa, huzeekaje? Chumvi ile, betri ikikaa muda mrefu bila kujazwa, huwa ngumu kama mawe madogo yasiyoyeyuka tena. Motokari iendayo parokiani hadi sokoni na kurudi, mwendo wa dakika tano, hutoa nguvu nyingi kwa kuamshwa wala hairudishiwi zote. Ikifanya hivyo kila siku, hufa kabla ya wakati wake. Tena mabamba yenyewe huliwa polepole na kutu ya namna yake, na maji hupungua. Mambo haya mawili, kutu na kupungua kwa maji, yaendeshwa na joto. Wataalamu wanahesabu hivi: joto likizidi kwa digrii 10 hivi, kuharibika huko huenda mbio karibu mara mbili. Fikirini basi mwezi wa kumi katika Katanga, kabla ya mvua, jakaranda zimechanua na jua linachoma, na betri imefungiwa karibu na injini inayowaka.

Kwa hiyo mwezi wa kumi ndio uuao, na mwezi wa saba ndio utangazao kifo. Baridi huufanya umeme utoke kwa uvivu, huifanya pia oili ya injini kuwa nzito. Betri changa haijali, ina akiba. Betri iliyozeeka, ambayo adhuhuri ilikuwa na nguvu za kutosha bila kubakiza, alfajiri hukosa. Baridi yetu si ile ya Ulaya, lakini kwa betri kama hiyo yatosha.

Kuna kifo kingine, cha kwetu hasa. Umeme ukikatika mjini, watu huifungua betri ya gari, huiingiza nyumbani, huwasha taa na televisheni usiku kucha mpaka inyamaze, na asubuhi huirudisha garini. Betri ya kuamshia gari haikuumbwa kwa kazi hiyo. Imetengenezwa itoe nguvu nyingi sana kwa sekunde chache, kisha ijazwe papo hapo. Ukiinywa hata chini mara kadhaa tu, umeimaliza. Atakaye taa za nyumbani atafute betri iliyotengenezwa kwa kazi ya namna hiyo, kama zile za mitambo ya jua.

Narudi kwa fundi wetu. Hakukimbilia kuuza. Kwanza alipangusa vichwa vya betri, akavua unga mweupe na wa kijani kwa maji ya moto na magadi, akavikaza, maana mara nyingi ugonjwa wote huwa hapo tu, na mtu hununua betri mpya kwa sababu ya waya uliolegea. Kisha akasoma alama zilizopigwa juu ya sanduku, akatuonyesha mwaka: 2018. Kumbe betri yetu ilizaliwa kabla ya motokari yenyewe! Umri wa betri hauhesabiwi tangu siku ya kulipokea gari.

Aliiacha injini ikiwa imezimwa, akawasha taa kubwa kwa dakika mbili ili kuondoa nguvu ya juujuu iliyoachwa na mwendo wetu mfupi, akazizima, akangoja, akapima. Namba zake niliziandika katika daftari, nanyi mnaweza kuziandika. Betri nzima, iliyopumzika usiku, yaonyesha volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.4, imebaki kama robo tatu ya nguvu zake, 12.2, nusu, 12.0, robo tu. Yetu ilisoma 12.2. «Hii peke yake haihukumu», akasema, «huenda ina njaa tu.» Akamwambia mzee dereva azungushe ufunguo, huku yeye akitazama kipimo. Betri yenye afya, wakati wa kuamsha injini, haishuki sana chini ya volti 9 na nusu. Yetu ilianguka hata 8. Tulisukuma tena, injini ilipokuwa ikiwaka, kipimo kilipanda hata 14.2. Basi alternateri ilikuwa nzima, kwa kuwa inatakiwa kutoa kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Laiti ingalitoa 12 tu, kosa lingalikuwa kwake, na betri mpya ingalikufa vile vile baada ya siku chache.

Mwisho alifungua vifuniko sita, akavuta maji ya kila chumba kwa kipimo cha kioo chenye kielea ndani yake. Asidi ya betri iliyojaa huwa nzito kupita maji, 1.27 au 1.28. Vyumba vitano vilionyesha 1.22 na 1.23. Chumba cha sita kilionyesha 1.12, yaani maji tu, au karibu. Ndugu sita wabebao mti mmoja, na mmoja amelala chini.

Padri akauliza kama asidi mpya haiwezi kukitibu chumba kile. Fundi akakataa. Asidi haipotei, imejifunga ndani ya chumvi ngumu ya mabamba, na kuongeza nyingine ni kuyala mabamba yaliyobaki. Kitu cha kuongezwa ni maji safi ya betri yauzwayo katika chupa, si ya bomba wala ya mto, nayo kabla mabamba hayajaonekana makavu. Kuhusu dawa za unga ambazo wachuuzi husema zinafufua betri, alicheka tu.

Ndipo akauliza swali ambalo hatukulitarajia: «Mwalimu, gari hii usiku inafanya kazi gani?»

Mzee dereva alijibu kwa niaba yangu. Parokia yetu ina vigango vya mbali porini, na motokari hii ndiyo yao ya pekee ya hospitali. Katika mwezi uliotangulia aliitwa usiku mara mbili. Mara moja alimpeleka mwanamume aliyekatwa na shoka. Mara ya pili alimleta mama mwenye uchungu wa kuzaa, kilometa 40 za njia ya mchanga, na alipofika kwake kumchukua aliiacha injini ikinguruma saa nzima, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuishuku betri na hakuthubutu kuizima. Mtoto alizaliwa salama karibu na mapambazuko. Jambo hilo la injini hakuwa amelisema parokiani. Padri alinyamaza.

Fundi akasema: «Angekuwa ni mwenye teksi ya hapa mjini, ningemwambia: ijaze usiku huu, itumie hata ikatae kabisa, kila kona kuna vijana wa kusukuma. Nyinyi, hapana.»

Tangu siku hiyo nimeona kwamba swali letu la parokiani liliulizwa vibaya. Tulibishana kama betri imekufa au haijafa, tukasahau kuuliza nani atakuwa ndani ya gari siku itakapokufa. Kwa motokari ya mjini, mweka hazina ana haki. Kwa motokari inayoitwa usiku, kuna hesabu nyingine: hadi miaka mitatu tangu ilipotengenezwa, iangaliwe tu na kusafishwa, kuanzia hapo ipimwe mara mbili kwa mwaka, mara moja mvua zinapokwisha, kabla ya baridi, na mara moja joto la mwezi wa kumi linapopita, na ikifika mwaka wa tano, au ikiamsha gari kwa uvivu asubuhi moja pasipo sababu, ibadilishwe, hata kama adhuhuri yaimba vizuri. Miaka mitatu hadi mitano ndiyo maisha ya kawaida ya betri, na katika nchi ya joto huelekea zaidi kwenye tatu. Inayozidi hapo ni ya bahati, na sioni haki kumfanya mama mjamzito alipie bahati hiyo.

Zipo pia dalili asizohitaji mtu kipimo kuziona: taa zinazofifia sana ufunguo unapozungushwa, sanduku lililovimba ubavu, harufu ya mayai yaliyooza, na gari lililohitaji kuazima umeme wa gari jingine mara mbili katika mwezi mmoja. Mwenye kuyaona hayo asingoje kalenda.

Tulinunua. Kununua nako kuna macho yake. Fundi alituletea betri mbili za ukubwa mmoja. Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa rangi, lakini nyepesi mkononi. Ya pili ilikuwa nzito, nayo betri ya gari kama letu isipokuwa na uzito wa kilo 15 au zaidi yatia shaka. Alisoma tarehe kwa kila moja, kwa maana betri hunyauka hata dukani, na iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kujazwa si mpya. Aliipima: 12.7. Katika kufungua, alianza na kichwa cha negatifu, na katika kufunga, hicho hicho kikawa cha mwisho, ili funguo ya chuma isije ikagusa mwili wa gari na kutoa cheche. Mmoja wa makatekista alikuwa amewasha sigara; fundi akamfukuza nje kwa adabu. Betri inapojazwa hutoa hidrojeni, hewa iwakayo, na sanduku likipasuka huyarusha maji makali machoni.

Tuliondoka Likasi saa nne. Sitaeleza sana njia ya Kambove na Fungurume, kwa kuwa anayeipita leo huona zaidi vumbi na mgongo wa kamyo iliyo mbele yake. Lakini tazameni vilima vile vitupu, visivyo na miti, katikati ya pori. Si watu waliovikata. Udongo wake una shaba nyingi mno, miti haiwezi kuishi humo, isipokuwa nyasi na maua machache yaliyozoea. Wazee wetu walipotafuta shaba walivijua vilima hivyo kwa uchi wake. Leo chini yake hutoka pia kobalti, na Kongo yatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, inayoingia katika betri nyepesi za simu na za motokari za umeme za Ulaya, China na Marekani. Betri yetu ya Likasi haikuwa na hata punje moja ya kobalti. Ilikuwa ya risasi, kama ya Planté. Nilimwambia Padri jambo hilo, akasema kwamba si mara ya kwanza mwenye shamba kula chakula cha jana.

Nyuma, kati ya vitabu vya katekisimu, hatukuibeba betri ya zamani. Mmoja wa makatekista aliitaka sana. Alikuwa na shemeji mvuvi huko Lufira, na wavuvi huivunja betri iliyokufa, huyeyusha risasi yake katika sufuria juu ya jiko, na kuimimina kuwa vidonge vya kuzamishia nyavu. Fundi alikataa kuitoa, na hapo wakabishana kweli kweli, hata mzee dereva akaingia kati. Namtetea fundi. Risasi haina harufu wala haichomi. Mvuke na vumbi lake hukaa katika udongo wa uwanja, hushika mikono ya watoto wachezao hapo, huingia kinywani, na kuharibu ubongo ungali unakua. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini kupitia Broken Hill, uitwao sasa Kabwe, penye mgodi wa risasi. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1994, na hata leo risasi yapatikana katika damu ya watoto wa Kabwe ambao hawakuwahi kuuona ukifanya kazi. Na karibu na Dakar, katika Thiaroye-sur-Mer, ambako watu walipepeta mchanga ili kupata risasi ya betri zilizovunjwa, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwezi wa tatu wa 2008. Sufuria ile, nikamwuliza katekista, baadaye hupikiwa nini? Hakujibu, lakini alitazama nje ya dirisha mwendo mrefu.

Fundi aliiweka betri yetu ya zamani wima juu ya ubao, nzima, pamoja na nyingine, mpaka mnunuzi wa betri kuukuu apite kuzichukua. Alitupunguzia kidogo bei ya mpya kwa sababu yake, maana risasi iliyochoka bado ina thamani. Kiwanda chenye tanuru la kufaa chaweza kuiyeyusha na kuifanya betri tena. Mweka hazina alifurahi kusikia hilo kuliko habari nyingine zote za safari.

Tulivuka Lualaba jua likielekea magharibi, tukaingia Kolwezi wakati wa magari kuwasha taa. Paroko wa mahali pale alitupokea barazani. Aliposikia habari ya Likasi, hakutukaribisha mezani kwanza. Alichukua tochi, akafungua kifuniko cha motokari yake, akaanza kupangusa vumbi juu ya betri kwa ncha ya kanzu. Mzee dereva wetu akainama, akamwonyesha mahali alama zilipopigwa. Paroko akasoma polepole: 2017. Akamwita kijana wake wa jikoni, akamwambia chakula kingoje kidogo, na dereva wake aitwe.